Kabla Fundi Hajang'oa Kaseti

Siku hizi ukipeleka redio kaseti ya zamani kwa fundi, mara nyingi jibu la kwanza ni hili: "Hii tunatoa kaseti, tunakuwekea USB na bluetooth." Kazi yenyewe ni ya muda mfupi na bei yake haiumizi. Fundi anang'oa mashine yote ya kaseti, mota, hedi (kile kichwa kinachosoma utepe) na vitufe vyake, anaziba nafasi kwa kibao kidogo chenye taa za bluu, na mwenye redio anaondoka akipiga muziki kutoka kwenye simu. Siwalaumu mafundi. Mteja anataka redio iimbe, fundi anataka mkono uende kinywani.

Ila nina ombi, na makala hii yote nimeiandika kwa sababu ya ombi hilo. Kabla bisibisi haijagusa mashine ya kaseti, fundi amuulize mwenye redio: nyumbani kuna kaseti za sauti za watu wenu? Nyimbo za bendi na taarabu nyingi utazipata kwingine. Maneno ya babu yako akiwa Maskati, Oman, akiwasalimia jina kwa jina, yako kwenye utepe mmoja tu duniani, na utepe huo bila mashine hausemi.

Redio niliyokuwa nayo mezani ni National Panasonic ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ya jamii ya RX: spika mbili kubwa, kaseti moja, bendi nne, yaani FM, MW (mawimbi ya kati) na mawimbi mafupi mawili, na swichi yenye neno Ambience ambayo ukiibonyeza sauti inatawanyika chumba kizima. Ni ya shangazi yangu wa Tanga. Baba mkubwa, kaka yake, ndiye aliyemletea kutoka Oman. Kwa miaka mingi ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ndani ya kabati hilohilo kulikuwa na boksi la viatu lenye kaseti za baba mkubwa.

Vijana waliozaliwa na simu mkononi huenda wasione uzito wa mashine hii, kwa hiyo niseme kidogo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Habari, mpira, vifo, tamthilia, vyote vilipita redioni. Redio ndogo za National zilitengenezwa hapahapa, kwenye kiwanda cha Matsushita Dar es Salaam ambacho kilitoa pia betri, lakini stereo kubwa ya spika mbili ilikuwa kitu cha baharia au cha mtu aliyetoka Arabuni. Ikiingia mtaani kila mtu anajua imeingia kwa nani. Harusi itaazima, maulidi yatarekodiwa nayo, na betri zikichoka zitaanikwa juani ziongeze siku mbili tatu.

Kaseti nayo ina historia yake. Ilitoka kwa Philips, ikaonyeshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1963. Lou Ottens na wenzake waliibuni Hasselt, Ubelgiji, na jambo lililoifanya ishinde ni kwamba Philips walikubali makampuni mengine yautumie mpango huo bila kulipia. Wajapani wakauchukua. Ndiyo maana kaseti iliyorekodiwa Matrah, kule Oman, iliingia bila shida kwenye redio ya Tanga: upana wa utepe ni milimita 3.81 popote, na mwendo wake ni sentimita 4.76 kwa sekunde popote. Hiyo namba ya mwendo ikumbukwe, nitairudia.

Baada ya 1970, Sultani Qaboos aliposhika nchi, Waswahili wengi wenye asili ya Oman walikwenda kuishi huko, na ndugu zao wakabaki Unguja, Pemba, Mombasa na Tanga. Simu ya ng'ambo ilikuwa ghali na ya kupangia foleni. Barua ilihitaji anayejua kuandika na anayejua kusoma, na mambo ya ndani ya familia si kila mtu anataka yapite mdomoni mwa msomaji. Kaseti ikaziba pengo hilo. Mtu anakaa usiku, anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, anaanza na salamu za nyumba moja baada ya nyingine, kisha anasema. Asubuhi anampa msafiri. Jibu lilirekodiwa juu ya kaseti ileile likarudishwa, na ndiyo sababu familia nyingi leo zina nusu tu ya mazungumzo. Za baba mkubwa zilibaki kwa sababu shangazi alikuwa akivunja vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti kila alipopokea. Vikivunjwa, kitufe cha kurekodi hakishuki.

Basi tufungue redio.

Kitu cha kwanza ni umeme, na hapa nasisitiza kwa sababu nimeona mashine nzuri zikiungua. Angalia nyuma kuna swichi ya volti. Redio zilizonunuliwa Ghuba mara nyingi zina mahali pa kuchagua kati ya 110 na 220 au 240, na mtu aliyekuwa nayo kabla yako huenda aliiacha kwenye 110. Redio za soko la ndani la Japani, hizi zinazoshuka na makontena ya mitumba, ni za volti 100 tu. Ukizichomeka kwenye umeme wetu wa 230 transfoma inaungua. FM yao nayo inaanzia megahezi 76 na kuishia 90, jambo ambalo kila mwenye gari la Kijapani analijua: stesheni zetu karibu zote ziko juu ya hapo. Kwa hiyo mimi redio ngeni siiamshi kwa umeme wa ukutani. Naiamsha kwa betri, au kwa chanzo cha umeme cha volti ileile ya betri zake, chenye kikomo cha mkondo, huku mkono uko karibu na swichi.

Sehemu ya betri ya redio ya shangazi ilikuwa imeliwa. Betri zilizosahaulika zilivuja na springi zikaota ukoko. Betri za alkali zikivuja, uchafu wake ni wa alkali, unausafisha kwa pamba yenye siki kidogo. Betri za kawaida za kaboni na zinki, ambazo ndizo nyingi kwetu, zinaacha majimaji yenye asidi, na hapo magadi soda na maji vinafaa zaidi. Baada ya hapo futa kwa spiriti, kausha kabisa, kisha msasa laini hadi chuma king'ae. Mji wa pwani una chumvi hewani, kwa hiyo springi niliyoisafisha naipaka grisi kidogo sana sehemu isiyogusa betri.

Ndani kulikuwa na mende. Nasema hivi bila kuficha kwa sababu wengi watakutana nao. Redio yenye joto ya jikoni au sebuleni ni makazi mazuri kwao, na kinyesi chao kinakula njia za shaba kwenye bodi. Brashi ya meno, spiriti, na kioo cha kukuzia. Njia mbili zilikuwa zimekatika karibu na kitufe cha sauti, nikaziunganisha kwa waya mwembamba na kulehemu.

Kisha kuna swichi ndefu ya kurekodi na kucheza. Hii ndiyo inayowachanganya wengi. Ni swichi ya kuteleza yenye miguu mingi, na kazi yake ni kuugeuza mzunguko wote: hedi iwe sikio au iwe kalamu. Ikiota kutu ndani, spika moja inakufa, au redio inapiga mluzi, au kaseti inasikika kwa mbali, na fundi mwenye haraka atasema IC, yaani chipu ya sauti, imeungua. Ipulizie dawa ya kusafishia migusano, isogeze mbele na nyuma kwa subira mpaka ulaini wake uusikie kidoleni. Lakini kuna sababu kubwa zaidi ya kuishughulikia kwanza. Swichi hiyo ikikwama katikati, isirudi sawasawa upande wa kucheza, mashine inaweza kuharibu kilichomo kwenye utepe huku wewe ukidhani unasikiliza. Ndiyo maana kaseti ya familia haiingii kwenye redio mpaka kaseti isiyo na thamani imeshapita, imerudishwa nyuma, imepita tena, na imesikika vilevile.

Kwenye kapasita, vile vipipa vidogo vya kuhifadhi chaji kwenye bodi, nina msimamo wangu. Wapo wanaobadilisha zote kwa mpigo, bodi nzima. Mimi nabadilisha zilizovimba, zilizovuja, zile kubwa za usambazaji wa umeme, na zile zinazopeleka sauti kwenye spika. Kila unapotia moto kwenye bodi ya miaka arobaini kuna hatari ya kuinua njia ya shaba, na kapasita nyingi ndogo za Kijapani za wakati ule bado ni nzima ukizipima. Anayebadilisha azingatie upande wa hasi uliochorwa mstari, na volti iwe ileile au zaidi, kamwe isiwe chini.

Spika zilihitaji gundi tu. Karatasi ya moja ilikuwa imechanika pembeni. Nikabandika kipande cha karatasi nyembamba ya shashi kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji.

Sasa beliti. Mashine ya kaseti ina mota ndogo, na nguvu yake inapelekwa kwa beliti ya raba hadi kwenye gurudumu zito la chuma ambalo mhimili wake ndio unaovuta utepe. Beliti ya redio hii ilikuwa imeyeyuka kama lami, imeganda kwenye puli na kushuka hadi chini ya sahani. Mikono inakuwa myeusi na haitoki kwa sabuni. Njiti za masikio na spiriti, taratibu, hadi puli ibaki chuma kitupu, maana chembe moja iliyobaki itaipa sauti kigugumizi kila mzunguko.

Kupata beliti mpya si kazi kubwa tena. Mifuko yenye saizi mchanganyiko inauzwa mtandaoni, na kwenye maduka ya vipuri Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi ukiuliza kwa kuonyesha sampuli unapata. Kama beliti ya zamani imeyeyuka huna sampuli, zungusha uzi pale beliti inapopita, pima urefu, kisha chukua beliti iliyo fupi kidogo, kama asilimia tano hivi, ili ikae na mvuto. Ikibana mno mota inachoka na bushi zake zinalika. Kuna mafundi wanaokata mpira wa tyubu ya baiskeli. Kwa ile beliti ndogo inayozungusha namba za kuhesabia utepe, sawa. Kwa gurudumu zito sikubali, kwa sababu mpira uliokatwa kwa mkasi hauna unene mmoja, na sauti itayumba: mwimbaji atapanda na kushuka pale ambapo hakupanda wala hakushuka.

Rola ya raba inayoukandamiza utepe kwenye mhimili ilikuwa imekauka na kung'aa. Niliisugua kwa msasa laini kabisa, nikaiosha kwa maji ya sabuni. Hedi nikaisafisha kwa spiriti, na ule unga wa kahawia uliotoka kwenye pamba ni utepe wenyewe, chembe za oksidi ya chuma zilizobaki hapo tangu kaseti ya mwisho ilipochezwa. Kwa kusafisha hedi tu, sauti iliyokuwa imefunikwa ikafunguka.

Redio ikalia. Spika zote mbili, kaseti ya majaribio ikazunguka bila kuyumba. Mtu mwingine angefunga kifuniko hapo. Nikachukua kaseti ya kwanza ya baba mkubwa, nikaipeleka kwa shangazi pamoja na redio.

Alisikiliza salamu, akasikiliza majina. Akatikisa kichwa.

"Huyu si kaka."

"Shangazi, ni yeye, amekutaja hapo."

"Maneno ni yake, mwanangu. Sauti nzito hivi hakuwa nayo."

Alikuwa sahihi, na sikio lake ndilo lililonirudisha kwenye ile namba, sentimita 4.76 kwa sekunde. Mota za zamani zinapunguza mwendo. Utepe ukienda polepole kuliko inavyotakiwa, kila sauti inashuka: asilimia sita tu inatosha kuishusha nusu-toni nzima, na kijana wa miaka thelathini anazungumza kama mzee. Muziki ukishuka hivyo wengi hawatambui. Sauti ya ndugu yako unaitambua hata kama huwezi kueleza kilichoharibika.

Mota nyingi za aina hii zina tundu dogo mgongoni, na ndani yake kuna skrubu ya kurekebishia kasi. Swali ni unajuaje umefika. Maabara wana kaseti ya kipimo yenye mlio wa hezi (mitetemo kwa sekunde) 3000 au 3150. Unaucheza na kuuangalia kwenye chombo. Sikuwa na kaseti hiyo, na hata ningekuwa nayo ingenipa mwendo wa kiwango tu, ilhali mashine iliyorekodi kule Maskati huenda nayo ilikuwa na mwendo wake. Kipimo nilichokitaka kilikuwa ndani ya kaseti yenyewe.

Baba mkubwa alikuwa akirekodi redio ikiwa imechomekwa ukutani. Umeme wa ukutani unaacha mvumo hafifu kwenye utepe, ambao sikio halitilii maanani lakini upo chini ya kila neno. Umeme wa Oman ni hezi 50, sawa na wetu, na mvumo huo unajionyesha kwenye 50 na hasa kwenye 100. Kwa hiyo unaweka programu ya simu inayochora masafa ya sauti, unautafuta ule mstari unaonyooka bila kukatika hata anapokaa kimya, na unasoma namba. Jambo moja tu: redio inayocheza lazima iwe kwenye betri. Ikiwa kwenye umeme itatia mvumo wake yenyewe, na huo utasomeka 100 kamili hata kama kaseti inatambaa.

Yetu ilisoma karibu na 94. Nikageuza skrubu kidogo kidogo, kwa bisibisi ya plastiki, nikisubiri mota itulie kila mara, mpaka mstari ukasimama kwenye 100. Kwenye kaseti nyingine, redio iliyokuwa ikilia chumbani mwa baba mkubwa ilinaswa ikipiga zile pipu za saa za BBC, ambazo mlio wake ni hezi 1000, nikapata ushahidi wa pili kwamba mwendo uko sawa.

Kuna skrubu nyingine, ile iliyo pembeni ya hedi yenye springi, inayoiinamisha au kuiinua hedi kuelekea utepe. Hedi ikiegemea upande, sauti nyembamba zinapotea, na zile sauti nyembamba ndizo zinazobeba "s" na "sh" na pumzi ya mtu. Hii nairekebisha kwa sikio, kwa kila kaseti, kwa sababu kila kaseti ilirekodiwa na hedi iliyoinama kivyake. Unasikiliza hadi maneno yanakuwa na makali, unapita kidogo, unarudi. Baada ya kazi yote unaweka tone la rangi ya kucha juu ya skrubu isisogee.

Shangazi aliposikia mara ya pili hakuzungumzia sauti kabisa. Alianza kumjibu. Baba mkubwa anauliza kama mwembe wa uani umezaa, naye anasema umekatwa, kaka, walijenga choo. Niliacha utepe uendelee.

Kwa watakaofanya kazi hii, angalieni kaseti kwa uangalifu kuliko redio. Unyevu wa pwani unaotesha kuvu, utaiona kwenye kidirisha, madoa meupe ukingoni mwa utepe uliojikunja. Kaseti ya hivyo usiicheze. Kuvu itahamia kwenye hedi na kuambukiza nyingine, na mizunguko iliyogandana inaweza kukatika. Ianike ndani mahali pakavu penye hewa, pasipo jua, kisha uipitishe kwa mkono kwa kalamu, polepole, ikigusa kitambaa laini. Kipande kidogo cha felti kinachosukuma utepe kwenye hedi kikidondoka, hamishia utepe kwenye gamba la kaseti nyingine lenye skrubu tano; yale yaliyogundishwa yanafunguliwa kwa kisu, na gamba halifai tena, lakini utepe unasalimika. Zile C120, kaseti za dakika 120, nazihofia kuliko zote. Utepe wake una unene wa kama maikromita 9, nusu ya ule wa C60 ya dakika 60, na mashine yenye rola kavu inautafuna.

Nakili za sauti nilizitoa kwenye tundu la nyuma la kutolea sauti, kwa waya hadi kwenye kompyuta, kila upande kwa mkupuo mmoja bila kukata kimya wala kikohozi. Kitufe cha kurekodi nimekifunga kwa utepe wa gundi hadi boksi zima liishe, ingawa shangazi ameshauliza kama redio bado inarekodi. Inarekodi, maikrofoni mbili za mbele zote nzima.

Nakili za kwanza zimekwenda Maskati kwa WhatsApp. Binamu zangu, ambao walikuwa wadogo wakati baba yao anarekodi, wameandika kuuliza huyo Bi Mwana anayesalimiwa kila kaseti ni nani, na shangazi ameanza kuwaeleza kwa ujumbe wa sauti, mmoja baada ya mwingine, kuanzia nyumba aliyozaliwa. Wameomba pia upande wa pili wa kaseti yenye karatasi ya kijani. Huo una kuvu. Umeanikwa, na gamba la kuhamishia nimeshalipata.